Risasi Fupi kwa Choroa

Kuna maneno mawili nisiyoweza kuyasikia bila damu kunichemka, nayo ni "bahati mbaya". Nilikuwa askari wa wanyamapori hapa Babati tangu tukiwa bado chini ya Arusha, nikaendelea mkoa wa Manyara ulipozaliwa, hadi nilipostaafu nikarudi kwenye mbaazi zangu huku Nakwa. Katika miaka yote hiyo, kila mnyama aliyekimbia na jeraha na kila mtu aliyerudishwa mjini amelazwa nyuma ya pikapu, nimewasikia watu wakisema, "Ah, bahati mbaya." Wanasema hivyo, wanatikisa kichwa, wanaagiza chai. Mimi nasema hapana. Mtu alikaa mahali, akachagua risasi, akaisukuma ndani ya bunduki kwa kidole chake mwenyewe. Hapo bahati imeingilia wapi?

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoomba vibali vya kuwinda, na zaidi nyinyi mnaoajiriwa kwenye kazi niliyoiacha. Juzi mmoja wenu alinifuata shambani. Kijana mzuri, aliniamkia vizuri nikamwitikia marahaba. Akatoa simu akanionyesha picha ya maboksi mawili ya risasi.

"Mzee, hili limeandikwa mia na hamsini, lile mia na themanini. Si ina maana hii inafika mita mia na hamsini, na ile inafika mia na themanini?"

Nilikaa chini kwenye tuta, jembe likanianguka.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mzee, mbona kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Basi kama kila mtu anajua, sasa na mimi nitasema ninachokijua, na atakayekasirika akasirike. Ile namba ni uzito wa kichwa cha risasi. Kichwa ni kile kipande kinachoruka na kumwingia mnyama. Baruti inaungua na ganda unabaki nalo wewe. Uzito wenyewe unapimwa kwa kipimo kidogo sana kinachoitwa greni. Mita hazimo. Risasi zote mbili zinaweza kufika mbali kuliko jicho lako linavyoona, na ndiyo maana tunakukataza kupiga juu ya kilima usichokijua upande wa pili.

Bunduki ninayoizungumzia ni ile raifoli wawindaji wanayoiita thati-o-siksi. Ndiyo iliyozoeleka kwa raia wenye vibali, kwa sababu haipigi bega teke kama yale mabunduki ya tembo na nyati. Mdomo wake ni mwembamba, hata kidole chako kidogo hakiingii. Inaua wanyama wakubwa wa kutosha, pofu, kongoni, nyumbu, choroa, lakini inataka mtu mwenye akili iliyotulia. Mwenye bunduki nene akikosea kidogo, unene wa risasi yake unamfichia aibu. Wewe wa mdomo mwembamba huna wa kukufichia. Ukishachagua uzito usiofaa, umeshaharibu kazi kabla hujatoka nyumbani.

Aliyenifundisha haya alikuwa Mzee Gwandu, Mgorowa wa hapahapa, askari wa zamani kuliko sisi wote kituoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa upole. Siku zangu za mwanzo alichukua risasi mbili za thati-o-siksi, akazilaza juu ya boneti ya gari, akaniambia nitaje tofauti.

"Hii nyepesi, hii nzito," nikasema.

Akanipiga kofi mkononi. "Hii fupi, hii ndefu! Usinitajie tena nyepesi."

Nilidhani ni ukali tu wa mzee. Kumbe alikuwa na sababu, na nimeishi na sababu hiyo mpaka leo. Mdomo wa bunduki haubadiliki, kwa hiyo risasi ikiongezwa uzito haiwezi kunenepa, inarefuka. Ile ndefu ndiyo nzito. Lakini ukitumia neno "nyepesi", alisema, neno lenyewe linamdanganya mtu. Sisi kwetu mguu mwepesi ni sifa, kazi nyepesi ni raha, mkono mwepesi wa kupika unasifiwa hadi kwa wakwe. Nani atachagua kizito akiwa na chepesi mbele yake? Ukimwambia fupi, hapo ndipo anapojiuliza kama itafika moyoni. Kituoni kwetu mtu akisema "nyepesi" Mzee Gwandu alimtuma akafagie ghala la pembe.

Kisha akatuonyesha kwa macho. Alituma watu machinjioni wakaleta mifupa ya bega la ng'ombe, akaifunga mbele ya gunia la mchanga aliouloanisha vizuri, akapiga risasi fupi kwenye gunia moja na ndefu kwenye jingine, kutoka karibu. Tukachimbua kwa mikono. Ile fupi ilikuwa imefika kwa kasi kubwa sana, ikagonga mfupa, ikapasukapasuka. Tuliokota makombo. Kwa nje gunia lilichanika vibaya, ungeliona ungesema hapa kweli kuna kazi imefanyika, lakini ndani kabisa mchanga ulikuwa haujaguswa. Ile ndefu ilitoboa mfupa, ikafunguka kichwa kama uyoga, ikaendelea kuzama mpaka karibu itokeze nyuma.

"Mnyama ana ngozi, ana nyama, ana mfupa, halafu ndiyo ana moyo," alisema. "Usimpige mnyama wa nje. Mpige wa ndani."

Msinielewe vibaya lakini, maana najua kuna watakaoondoka hapa wakasema mzee wa Nakwa kakataza risasi fupi. Sikukataza. Kwa swala mdogo, fupi inatosha na inafaa. Mwenzetu mmoja alijifanya mwanafunzi bora, akampiga swala kwa ile ndefu kuliko zote, ya mia mbili na ishirini. Ikapita katikati ya mbavu kama sindano, haikukuta kitu cha kuifungua, na swala akatutembeza kutwa nzima kwenye miiba. Mzee Gwandu alimkaripia kuliko wote. Ndiyo maana alitaka kabla hujagusa boksi ujibu kwanza: unampiga nani, amesimamaje, na kati yako na moyo wake kuna nini.

Na jambo jingine, msichanganye maboksi. Bunduki iliyorekebishwa shabaha kwa uzito mmoja, ukiilisha mwingine, inapiga mahali pengine. Kulikuwa na bwana mmoja muuza mbao hapa mjini, asubuhi nzima risasi zake zinampita nyumbu juu ya mgongo. Nyumbu wanamwangalia tu. Akarudi Babati akatangaza kwamba bunduki yake imerogwa, na mchawi anamjua, ni jirani yake waliyegombania naye mpaka wa kiwanja. Kidogo watu wapigane. Tulipofungua bunduki tukakuta risasi za aina mbili zimekaa pamoja kama abiria wasiojuana. Nilicheka, ndiyo, lakini nilikasirika pia, maana yule jirani hakuombwa radhi mpaka leo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae chini kuandika.

Babati ilipokuwa makao makuu ya mkoa, watu walimiminika. Maofisi yalifunguliwa, maduka yakafuata, wageni kutoka kila upande wakajenga, na baadhi yao wakapenda kuwinda mwishoni mwa wiki, kwa kibali halali. Mmoja wao alikuwa Baba Brayani, muuza vipuri vya magari. Mtu mkarimu, mcheshi, shabaha yake nzuri. Sikuwa na neno naye. Kila alipopata kibali mimi ndiye niliyepangiwa kumsindikiza, kwa sababu mwindaji haruhusiwi kuingia porini bila askari.

Na kila alipokwenda, hakwenda bila Baba Zaina. Huyu alikuwa Mrangi wa Bonga, mchinjaji kwa kazi, pale pale machinjio ya mji. Wasiowinda hawaelewi umuhimu wake. Mnyama akianguka, lazima mtu awahi na kisu kabla roho haijatoka, amchinje inavyotakiwa, ndipo nyama iwe halali kwa Waislamu. Mimi ni Mkatoliki wa kutoka Mbulu, ningeweza kula bila hayo. Lakini nyama ya porini unaigawa, na mtaani kwetu huwezi kugawa nyama ukaruka nyumba. Ningeipelekaje kwa Mama Zuhura wa jirani, aliyewalea wanangu? Kwa hiyo mchinjaji ndiye aliyetufanya tule pamoja. Risasi ikilia tu, Baba Zaina alikuwa ameshakwenda, kanzu ameikunja kiunoni, kisu mkononi, anakimbia kuliko vijana.

Safari iliyotangulia ile ninayoisimulia, Baba Brayani alipiga kongoni kwa risasi ndefu, vizuri kabisa. Kongoni akalala pale pale. Baba Zaina alipofika, akamgusa, akasimama, akafuta kisu kwenye majani. Alikuwa amechelewa. Nyama tukagawana sisi Wakristo, yeye akarudi Bonga na mfuko mtupu, na watoto walikuwa wamekwishaambiwa baba analeta nyama.

Safari iliyofuata tulikwenda tambarare za Simanjiro, kibali kiliruhusu choroa. Kwa asiyemjua, choroa ni mnyama mwenye kifua cha nguvu na pembe mbili ndefu, zimenyooka, zimechongoka. Mnyama huyu hata akiwa chini amelala, kichwa chake bado ni silaha. Jioni kambini nilikagua bunduki ya Baba Brayani. Alikuwa na maboksi mawili, nikamwambia atumie ile ndefu, ya mia na themanini, akasema sawa, akaijaza mbele yangu. Asubuhi nikatangulia kuangalia nyayo, wao wakabaki wakinywa chai.

Tulimpata choroa mapema, amesimama ubavu, karibu sana. Baba Brayani akapiga. Nilisikia risasi ikigonga bega, na choroa akaanguka. Baba Zaina huyo, kama kawaida yake, mbio.

"Subiri!" nikapiga kelele. "Baba Zaina, subiri!"

Maana nilimwona choroa anapumua vibaya, kwa nguvu mno. Mnyama aliyepigwa ndani hapumui hivyo. Kanuni yetu ni kumzunguka kwa nyuma, kumtupia kitu, kumtazama jicho. Lakini Baba Zaina alikuwa anashindana na roho ya mnyama, hakunisikia au hakutaka kunisikia. Alifika, akainama kushika pembe. Choroa akageuza kichwa mara moja tu. Pembe ikaingia juu ya goti, ikatokea nyuma ya paja.

Nilimmaliza choroa kwa bunduki yangu. Tukamfunga Baba Zaina paja kwa kanzu yake mwenyewe, tukamlaza nyuma ya pikapu na Baba Brayani akaendesha kama kichaa. Wasaidizi wawili wa gari la kituo waliobaki na mimi walianza kuchuna. Nikawaambia waniachie bega. Nikalifungua. Nje nyama ilichanika upana wa sahani, damu tele. Ndani, mfupa umepata ufa tu, na makombo ya risasi yametapakaa kwenye nyama kama mchanga. Kwenye mapafu hakuna kitu, hata mkwaruzo. Nikaokota ganda pale Baba Brayani alipokuwa amesimama, nikalitazama, nikaenda kambini kwenye lile boksi la risasi fupi. Jioni nililiacha limefungwa, sasa lilikuwa limefunguliwa.

Vijana wangu, sijawahi kukasirika vile. Nilifika hospitalini nikiwa na damu ya choroa na ya mtu kwenye shati. Baba Brayani alikuwa amekaa uani kwenye tofali, kichwa ameinamisha. Sikumsalimia.

"Nilikuambia utumie risasi gani?"

Sikungoja anijibu.

"Mbele yangu ulijaza ndefu! Nani alikuruhusu kubadilisha? Umemtoboa mtu mguu kwa kiburi chako! Wewe unadhani kule porini ni dukani kwako, ukitaka hiki unachukua, ukitaka kile unarudisha?"

Watu walisogea kusikiliza. Aliinua uso, akaniangalia, halafu akasema tu, "Samahani, mzee." Samahani! Nikamwambia samahani aipeleke wodini. Nikamtangaza mji mzima. Yeyote aliyeniuliza kuhusu Baba Zaina nilimtajia jina la muuza vipuri, na wateja wengine wakaacha kwenda kwake, na mimi nikaona ni sawa kabisa. Waliokuwa wakiniambia "ile ilikuwa bahati mbaya tu" niligombana nao hata kanisani.

Baba Zaina alipona, lakini goti halikukunjika tena. Mtu aliyekuwa anakimbia kuliko vijana sasa anatembea kwa gongo, na kazi ya machinjioni imemshinda kwa sababu ng'ombe hamngoji mtu wa gongo. Siku moja, alipokuwa ameshatolewa hospitali, nilikwenda kwake Bonga kumjulia hali. Nikamkuta Baba Brayani ndani, amekaa kwenye mkeka, ameleta mchele na sukari. Nikataka kugeuka niondoke.

"Kaa, Baba Paulina," akasema Baba Zaina. "Mbona una haraka?"

"Sikai na huyu."

"Huyu amekukosea nini?"

"Mimi hajanikosea. Kakukosea wewe. Alibadilisha risasi nyuma ya mgongo wangu."

Baba Zaina akamtazama Baba Brayani. "Hukumwambia?"

Baba Brayani akatikisa kichwa.

"Mimi ndiye niliyemwomba," akasema Baba Zaina. "Asubuhi ile kwenye chai. Nilimwambia, Baba Brayani, leo niwekee zile nyepesi, zimwangushe tu zisimuue, nipate nafasi ya kuchinja. Safari ile ya kongoni nilirudi mikono mitupu. Sikutaka tena watoto wanitazame vile."

Nilikaa bila kujijua. Nyepesi. Zimwangushe tu zisimuue. Yaani mtu mzima, mchinjaji anayejua mwili wa mnyama kuliko daktari, aliamini kuna risasi ya kumlaza mnyama kwa upole. Na mwenzake aliyeshika bunduki akaamini pia, au akaona haya kumkatalia rafiki.

"Na wewe," nikamgeukia Baba Brayani, "ulikaa kimya nikutukane mbele ya hospitali nzima! Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, mzee? Mtu yuko ndani anashonwa mguu, mimi niseme uani kwamba alijitakia?"

Mnadhani hasira ziliisha? Ziliongezeka! Sasa nilikuwa nawakasirikia wawili badala ya mmoja. Nikawaambia wote ni wajinga, mmoja wa kuomba na mmoja wa kukubali, na kwamba heshima yao ya kufichiana haikumsaidia hata mtu mmoja, kwa sababu mjini watu waliendelea kusema bahati mbaya na maboksi ya risasi fupi yakaendelea kununuliwa kwa ajili ya kuchinjia. Ndiyo, kuchinjia! Baadaye niliulizia, nikakuta imani hiyo imeenea Bonga, imeenea mjini, hadi kwa wenye vibali wanaoheshimika. Hakuna aliyewahi kuisema mbele ya askari. Wanaambiana kwenye chai, askari akiwa ameenda kuangalia nyayo. Basi mimi naisema hapa waziwazi. Hakuna risasi ya kumlaza mnyama akungoje. Iko inayofika ndani na iko isiyofika, na ile isiyofika inakuachia mnyama mzima mwenye uchungu.

Mama Zaina alileta chai. Nilikataa, halafu nikanywa. Baba Zaina alikuwa amenyoosha ule mguu mbele yake kwenye mkeka, anasugua goti kwa kiganja. Aliniacha niseme mpaka nikachoka.

"Baba Paulina," akasema, "hebu niambie kitu kimoja. Kama angetumia ile ndefu, ningewahi kumchinja?"

"Pengine ungewahi. Pengine usingewahi."

"Na nisipowahi?"

"Usipowahi, unakosa nyama."

Akaacha kusugua goti.

"Nyama tu?"

"Nyama tu," nikasema.